Ligi Ipi Ngumu Zaidi? Namna ya Kupima Ligi za Besiboli za Sekondari Marekani

Kila mwaka ifikapo Machi, makocha wa besiboli wa sekondari nchini Marekani huanza kudai kwamba ligi yao ndiyo ngumu kuliko zote. Mwamba ngoma huvutia kwake. Hata hivyo swali lenyewe si porojo. Kamati zinazopanga nafasi za mtoano hulihitaji jibu, wasaka vipaji wa vyuo huliuliza, na familia zinazohamia Dallas au Columbus, zikiwemo zile zinazozungumza Kiswahili nyumbani, huchagua mtaa na shule kabla hazijajua kijana wao atapambana na akina nani.

Unachohitaji ni kompyuta au simu, lahajedwali, na jioni kadhaa zisizo na haraka. Hesabu ni za kujumlisha, kutoa na kugawanya. Kazi kubwa iko katika kujua namba gani uiamini.

Hatua ya 1: Jua unalinganisha nini

Besiboli ya sekondari Marekani haina ligi ya taifa. Kila jimbo lina chama chake, na chini yake shule zimegawanywa katika makundi yanayoitwa ligi, konferensi au, kule Texas, wilaya. Makundi haya hayafanani hata kidogo. Trinity League ya kusini mwa California ina shule sita za binafsi zenye misingi ya dini: Mater Dei, JSerra, Orange Lutheran, Santa Margarita, Servite na St. John Bosco. Greater Catholic League ya Cincinnati, kwa upande wake wa kusini, ina nne tu: Elder, La Salle, Moeller na St. Xavier. Huko Texas, chama cha UIL huzipanga shule kwa idadi ya wanafunzi, toka 1A hadi 6A, na huzipanga upya kila baada ya miaka miwili. Wilaya uliyoipima mwaka juzi huenda leo ina sura nyingine kabisa. Kwa hiyo usiandike jina la ligi peke yake kwenye jedwali lako. Andika jina, msimu, na orodha ya shule zilizokuwemo msimu huo.

Kisha amua neno "ngumu" unalitumia kwa maana gani. Je, ni kwamba bingwa wa ligi hii atamfunga bingwa wa ile? Au kwamba timu ya kawaida ya hapa ni bora kuliko ya kule? Au kwamba hakuna mechi ya kupumzika? Maswali haya yanaweza kutoa majibu matatu tofauti kwa ligi zilezile, na nusu ya ubishi unaousikia majukwaani ni watu wawili wanaojibu maswali mawili. Mimi hulipa uzito swali la pili, kwa sababu mchezaji hukutana na bingwa mara chache tu kwa msimu. Wiki zilizobaki anacheza na timu za kawaida.

Hatua ya 2: Weka kando msimamo wa ligi

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Chukua ligi ya timu sita, kila timu ikicheza na kila nyingine mara tatu. Jumla ni mechi 45, maana yake ushindi 45 na vipigo 45. Ligi ikiwa ya wababe watupu, itapata nusu kwa nusu. Ikiwa ya vibonde watupu, nusu kwa nusu vilevile. Msimamo wa ndani unakueleza nani kamzidi nani mle ndani, basi. Hauwezi kukueleza lolote kuhusu ligi jirani, hata ukiukodolea macho msimu mzima.

Ushindani mkali nao hudanganya. Utasikia kwamba ligi fulani ni ngumu kwa sababu timu nne zimemaliza zikiwa zimefuatana kwa karibu. Hilo linaonyesha kwamba timu hizo zinalingana. Zinaweza kuwa zinalingana kwa ubora au kwa udhaifu.

Na ile rekodi ya jumla inayoandikwa magazetini, tuseme ushindi 20 na vipigo 8, imechanganya mechi za ndani na za nje. Itenganishe kabla hujaitumia.

Hatua ya 3: Kusanya mechi za nje ya ligi

Hizi ndizo mali yako. Ghala linalotumiwa zaidi ni MaxPreps, lililopo tangu 2002, ambapo makocha hujaza matokeo na takwimu za timu zao. Vyama vya majimbo na kurasa za michezo za magazeti ya miji husaidia kuziba mapengo. Kwa kila mechi jaza tarehe, timu, mpinzani, ligi na daraja la mpinzani, mikimbio (yaani alama) ya kila upande, idadi ya iningi (vipindi ambavyo kila timu hupata zamu ya kupiga) zilizochezwa, nyumbani au ugenini, na jina la mrushaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira, aliyeanza kwa kila timu.

Safisha kabla ya kuhesabu. Ondoa mechi za majaribio, mechi za timu ya pili, na ushindi wa mezani. Angalia mechi zilizoingizwa mara mbili, maana kila kocha hujaza upande wake na mara nyingine matokeo hayafanani. Kuna pia makocha wasiojaza vipigo. Ukiona timu ina mechi pungufu kwa upande wake, lakini wapinzani wake wameziandika, chukua za wapinzani.

Safu ya nyumbani au ugenini ijaze, lakini isikusumbue sana. Hata katika ligi kuu ya MLB timu ya nyumbani hushinda takriban asilimia 54 tu ya mechi.

Hatua ya 4: Uliza nani alirusha

Katika kandanda, timu ya Jumatano na ya Jumamosi ni karibu ileile. Katika besiboli sivyo. Mechi ya sekondari ina iningi saba, yaani wapigaji 21 wa kutoa kwa kila upande, na kijana mmoja mwenye mkono mzuri anaweza kuibeba karibu yote. Siku inayofuata hayupo. Timu iliyokuwa simba jana inaweza kuwa ya kawaida kabisa leo.

Sheria zimelifanya jambo hili kuwa kubwa zaidi. Tangu msimu wa 2017, shirikisho la taifa la vyama vya sekondari, NFHS, linalitaka kila jimbo liwe na kikomo cha mirusho kwa siku na siku za kupumzika kulingana na mirusho hiyo. Texas imeweka kikomo cha 110, na anayevuka 85 hupumzika siku nne. Ohio ni 125. Kocha hawezi tena kumchosha kijana mmoja wiki nzima ili aonekane ana timu.

Sasa fikiria kama kocha. Mechi za ligi ndizo zinazompa tiketi ya mtoano, kwa hiyo mrushaji wake bora atawekwa huko. Mechi ya nje, ya Jumamosi, dhidi ya shule ya ligi nyingine? Atampa mrushaji wa tatu au wa nne, au mdogo anayetaka kumpima. Na mpinzani wake naye anafikiria hivyohivyo, au pengine hafikirii hivyo, kwa kuwa ligi yake ni nyepesi na anaitaka sana hiyo heshima ya kumfunga mkubwa. Hapo unapata matokeo ya kushangaza yanayosambazwa kama ushahidi kwamba ligi kubwa imeanguka, kumbe nyota wa upande mmoja amekutana na chipukizi wa upande wa pili.

Dawa ni kuwapa warushaji namba. Kwa kila timu, wapange kwa iningi walizorusha msimu mzima. Wawili wa juu ni kundi la kwanza, wawili wanaofuata kundi la pili, waliobaki kundi la tatu. Kisha ligawanye jedwali lako: mechi ambazo kundi la kwanza limekutana na kundi la kwanza, la pili kwa la pili, na zile zisizolingana. Zile zisizolingana usizitupe, ila zisome mwisho na kwa tahadhari.

Kama una muda wa kuangalia kitu kimoja tu, angalia mechi za kundi la pili kwa kundi la pili. Karibu kila ligi, hata ya kawaida, ina timu yenye kijana mmoja anayerusha kwa kasi. Ligi yenye nguvu hujulikana kwa mrushaji wa tatu. Timu ambayo mrushaji wake wa tatu angekuwa wa kwanza katika ligi jirani hucheza mechi ngumu kila siku ya wiki, na wapigaji wa ligi hiyo hawapati siku ya kupumua.

Mfano ulio wazi ni Harvard-Westlake ya Los Angeles, iliyomo Mission League. Masika ya 2012 shule hiyo ilikuwa na Lucas Giolito, Max Fried na Jack Flaherty kwa wakati mmoja, wote watatu wakaja kurusha katika MLB. Fried alikuwa amehamia hapo baada ya shule yake ya awali kufuta programu ya besiboli. Mwezi Machi Giolito aliumia kiwiko na msimu wake ukaishia hapo. Shule nyingi zingeporomoka. Wao walibaki na Fried, ambaye Juni ile alichaguliwa wa saba katika drafti, zamu ya timu za MLB kuchagua vijana, na San Diego Padres, na Flaherty, ambaye miaka miwili baadaye alichaguliwa wa 34 na St. Louis Cardinals. Giolito mwenyewe, pamoja na jeraha lake, alichaguliwa wa 16 na Washington Nationals. Mtu aliyeipima Mission League kwa mechi za Februari na mtu aliyeipima kwa mechi za Mei walikuwa wanaangalia timu mbili tofauti zenye jezi moja. Weka tarehe ya jeraha la nyota yeyote kwenye jedwali lako na ulikate hapo.

Hatua ya 5: Tumia mikimbio, lakini iwekee dari

Ushindi wa 2–1 na ushindi wa 9–1 si sawa, na rekodi ya ushindi na vipigo huziona sawa. Jumlisha mikimbio iliyofungwa na iliyoruhusiwa. Bill James, baba wa takwimu za kisasa za besiboli, alipendekeza kanuni rahisi: zidisha mikimbio uliyofunga kwa yenyewe, kisha gawanya jibu kwa jumla ya jibu hilo na mikimbio uliyoruhusu ikizidishwa nayo kwa yenyewe. Timu iliyofunga 60 na kuruhusu 40 inapata 3,600 kugawanya kwa 5,200, yaani asilimia 69. Hicho ni kiwango cha ushindi unachoweza kukitarajia kwa timu hiyo, na kwa msimu mfupi mara nyingi hutabiri vizuri kuliko rekodi halisi.

Majimbo mengi husimamisha mechi timu ikiongoza kwa mikimbio 10 baada ya iningi tano. Mechi kama hiyo igeuze iwe ya iningi saba kwenye hesabu, au iwekee dari. Mimi huweka dari ya tofauti ya mikimbio minane. Zaidi ya hapo kocha ameshaingiza wachezaji wa akiba, na namba hazielezi tena kitu cha maana.

Jambo moja husahauliwa na wanaolinganisha majimbo: hali ya hewa na mwinuko. Denver iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mpira huruka mbali katika hewa nyepesi. Kwenye jioni yenye ubaridi ya pwani ya California mpira hudondoka mapema. Kwa hiyo angalia uwiano, si tofauti. Timu inayoshinda kwa wastani wa 12 kwa 8 imezidi kwa mikimbio minne. Inayoshinda 3 kwa 2 imezidi kwa mmoja. Kanuni ya James inazipa zote mbili asilimia 69. Ndani ya jimbo moja, tofauti ya kawaida inatosha.

Hatua ya 6: Pima mpinzani naye

Baadhi ya vyama hutumia kipimo cha RPI: robo ya alama ni rekodi yako, nusu ni rekodi ya wapinzani wako, na robo iliyobaki ni rekodi ya wapinzani wa wapinzani wako. Ni rahisi kukokotoa, ila kwa kazi yetu kina kasoro. Wapinzani wako wengi ni wenzako wa ligi, na hao wanapokonyana ushindi wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo rekodi zao husukumwa kuelekea nusu kwa nusu. Ligi bora na ligi mbovu huishia kuonekana zimekaribiana kuliko zilivyo. Pia RPI haioni mikimbio kabisa.

Njia ninayoipendelea ni hii. Mpe kila timu, pamoja na wapinzani wa nje, wastani wake wa tofauti ya mikimbio kwa mechi, dari ikiwa imeshawekwa. Halafu ongeza kwenye wastani huo wastani wa alama za wapinzani wake. Alama zikishabadilika, rudia kwa alama mpya. Baada ya mizunguko mitano au sita hazisogei tena sana.

Tuseme ligi A imeshinda mechi zake za nje kwa wastani wa mikimbio mitatu, lakini wapinzani wake wana alama za hasi nne. Ligi A inapata hasi moja. Ligi B imepoteza kwa wastani wa mkimbio mmoja, dhidi ya wapinzani wenye alama chanya tatu. Ligi B inapata chanya mbili. Iliyokuwa ikifungwa ndiyo yenye nguvu, tena kwa mikimbio mitatu. Mbele ya makocha wa ligi A jibu hili huwa halipokewi kwa furaha.

Hatua ya 7: Hakikisha kuna viungo

Hesabu zote hizo zinategemea kitu kimoja: lazima kuwe na njia ya mechi inayounganisha ligi mbili. Kama hazijakutana, je, zimekutana na timu ya tatu? Ndani ya CIF Southern Section, sehemu ya kusini ya chama cha California yenye zaidi ya shule 500, viungo vimejaa, na kulinganisha Trinity na Mission ni kazi ya kawaida. Lakini Cincinnati na Orange County ya kusini mwa California? Kamba inayoziunganisha ni nyembamba, na alama utakazopata zimening'inia kwenye mechi chache.

Viungo vya majimbo hupatikana katika mashindano ya mwaliko. Boras Classic huzikutanisha shule za California. Lile la taifa, National High School Invitational, huchezwa kwenye uwanja wa USA Baseball huko Cary, North Carolina, na lilianza 2012. Orange Lutheran ililitwaa mara tatu mfululizo, 2017 hadi 2019, na hiyo ni hoja nzito kwa Trinity League, ingawa bado ni hoja kuhusu timu moja kati ya sita.

Jihadhari na safari za mapumziko ya masika. Shule za kaskazini huteremka kusini kwa basi kutafuta jua. Timu ya Ohio inayocheza huko mwishoni mwa Machi huenda bado ilikuwa inafanya mazoezi ndani ya ukumbi wiki mbili zilizopita, ilhali mwenyeji wake anacheza tangu Februari. Matokeo hayo yape nusu ya uzito.

Hatua ya 8: Angalia katikati, usihadaike na kilele

Panga timu za kila ligi kwa alama. Linganisha ya tatu na ya tatu, ya mwisho na ya mwisho. Ligi ikiwa na timu sita na nyingine ina nne, tumia timu ya kati, vinginevyo kubwa itaadhibiwa kwa mkia wake.

Majina makubwa yaache mlangoni. Moeller imewatoa Barry Larkin na Ken Griffey Jr., wote wawili wamo katika Jumba la Heshima la besiboli. Ni fahari kubwa, lakini walimaliza shule miaka ya 1980. Vikombe navyo vina mtego wake. California haina bingwa mmoja wa jimbo zima, na sehemu zake hugawanya mtoano kwa madaraja, hivyo kombe la daraja la chini linaweza kuchukuliwa na timu iliyoshika nafasi ya nne katika ligi ngumu, au na bingwa wa ligi nyepesi. Mtoano wa mechi moja huamuliwa na mkono mmoja. Ule wa mechi tatu, unaotumika sana Texas, husema kweli zaidi kwa kuwa humlazimisha kocha kumtoa mrushaji wa pili na wa tatu.

Hatua ya 9: Pima uhakika wako

Ligi ya timu sita, kila moja ikiwa na mechi 10 za nje, inakupa mechi 60. Ikishinda 33, hiyo ni asilimia 55. Kwa hesabu za bahati, namba hiyo inaweza kuyumba asilimia 13 hivi juu au chini bila sababu yoyote zaidi ya mpira kudunda vibaya. Ligi yenye 55 na ligi yenye 50 hazina tofauti unayoweza kuitetea. Sema zinalingana, uendelee.

Unaweza kuunganisha misimu miwili au mitatu ili upate mechi zaidi, huku msimu mpya ukiupa uzito mkubwa, maana wahitimu huondoka na nusu ya timu. Usirudi nyuma ya 2012, mwaka ambao NFHS ililazimisha magongo ya kiwango cha BBCOR yasiyorusha mpira kwa kasi kama ya zamani. Mikimbio ya kabla ya hapo ni ya mchezo mwingine.

Ukiandika matokeo, panga ligi kwa makundi matatu au manne badala ya kuzipa namba toka 1 hadi 40, na kando ya kila ligi weka idadi ya mechi za nje na ngapi kati yake zilikuwa na warushaji wanaolingana. Mzazi anayetafuta shule aongeze safu moja zaidi: idadi ya wanafunzi wa mwaka wa pili waliopata iningi msimu uliopita. Katika ligi za kundi la juu safu hiyo mara nyingi huwa na sifuri, na kijana wa miaka 15 anayekaa benchi hapati faida yoyote ya ugumu wa ligi.

Kwa majimbo ya kusini na California, jedwali linaanza kuwa na maana mwishoni mwa Machi. Kwa Ohio na jirani zake, subiri hadi wiki za mwanzo za Mei, mvua zikiwa zimepungua na mechi zilizoahirishwa zikiwa zimechezwa.